Barua Iliyofunguliwa Nikiwa Msibani

Meneja alipiga simu saa mbili na nusu asubuhi, kabla sijamaliza uji. Hakunijulia hali kwa kirefu kama alivyozoea. Aliuliza tu, "Mwalimu, ile barua ya barabara umemwonyesha nani?"

Nilimjibu kwamba sikumwonyesha mtu. Laini ilikwaruza masikioni mwangu, kisha akaeleza kwamba watu wameanza kusimamisha vibanda vya kudai fidia katika njia ambayo barabara ya malori ingepita, tena palepale, si hatua mia kushoto wala kulia. Njia hiyo ilikuwa imeandikwa katika barua moja. Barua hiyo ilitumwa kwa mtu mmoja tu aliye nje ya ofisi yake, naye ni mimi.

"Nipe maelezo kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo," alisema. "Bila maelezo, sitaweza kukuletea kazi tena."

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa nimestaafu ualimu. Kampuni moja ya upimaji, yenye ofisi Mwanza, ilinipa kazi ya kutafsiri barua na matangazo yake kutoka Kiingereza, ili wakulima na wachimbaji wadogo wa pande za Kahama na Geita wayasome bila kupotoshwa na mkalimani wa njiani. Walitaka nihamie Mwanza. Nilikataa, kwa sababu nilikuwa na nyumba yangu Nyasubi, pale Kahama, na mgongo usiopenda safari. Hivyo waliniletea kompyuta nyumbani, imeviringishwa ndani ya blanketi, pamoja na kisanduku kidogo cha kuiunganisha na simu. Kila kisanduku hicho kilipopiga Mwanza kilitoa sauti ambayo mke wangu aliifananisha na ya kuku aliyebanwa mlangoni.

Fundi aliyeifunga alinieleza mambo yaliyonipasa kuyajua, nami niliyaandika katika daftari. Barua zangu zitakaa Mwanza, ndani ya mashine yao. Ufunguo wake ni neno moja la siri, nitakalolichagua mwenyewe. Neno hilo likijulikana, mtu yeyote mwenye kompyuta na simu anaweza kuzifungua akiwa mahali popote, na mimi sitasikia hata mlio wa kitasa. Nisiliandike. Nisimwambie mtu, hata mama wa nyumba. Nilimwomba fundi asogee dirishani, nikaliandika neno langu kwenye kompyuta kwa kidole kimoja, na tangu siku hiyo sikulitamka wala kulitia katika karatasi. Nilijiona mtu makini kuliko wote waliowahi kukabidhiwa siri katika wilaya ile.

Niseme hapa kwamba majina ya watu sitayataja katika kumbukumbu hii. Mahali mtu anaponiita kwa jina la mwanangu wa kwanza, kama ilivyo desturi yetu, nitaweka mstari tu.

Kazi ya nyumbani ina adha ambayo mtu wa ofisini haijui. Kompyuta ilikaa sebuleni, na sebule ya kwetu ni ya kila apitaye. Mgeni hupiga hodi akiwa amekwisha kuingia. Mmoja alivuta kigoda nyuma yangu, akasoma kwa sauti sentensi niliyokuwa bado naitafuta, kisha akanishauri namna ya kuimaliza. Nikaamua kufunga mlango saa za kazi. Siku ya pili tu, kwenye saa nne, nilisikia viatu vikivuliwa barazani na sauti za wanawake watatu. Aliyetangulia alikuwa jirani yangu muuza dagaa.

"Hodi! Baba ——, shikamoo. Tumesikia mlango umefungwa tangu asubuhi. Nani ametutoka?"

"Marahaba. Hakuna aliyetutoka. Ninafanya kazi."

"Kazi gani ya kujifungia mchana, jamani?"

"Labda anakula," alisema mwenzake.

"Saa nne hii?"

"Ndiyo maana kafunga."

Walicheka, na mke wangu, aliyekuwa akipepeta mchele uani, alicheka pamoja nao. Jioni aliniambia kwamba nyumba inayofungwa mchana ni ya msiba au ya uchoyo, na kwamba yeye hayuko tayari kuishi katika mojawapo. Nilihamishia kompyuta stoo, katikati ya magunia ya mpunga. Nilitia kufuli mlangoni, na ufunguo nikauvaa shingoni kwa kamba. Kwa hiyo meneja alipouliza nimemwonyesha nani, nilikuwa na haki ya kukasirika. Nilimwandikia siku ileile barua ya kurasa mbili. Nilimkumbusha umri wangu na miaka yangu ya utumishi. Nilisema siri haikutoka kwangu, na nikamshauri atafute mvujo ndani ya ofisi yake mwenyewe. Barua ile ilikuwa na Kiswahili kizuri sana. Hadi leo nikiikumbuka hunijia aibu.

Hata hivyo nilitaka ushahidi, maana kukana si kuthibitisha. Nilianza kuwauliza watu mjini: habari ya njia ya barabara umeipata wapi? Sijawahi kukutana na wiki ya kuchosha kama ile. Muuza dagaa alisema maneno ya simu hudondoka kwenye nguzo, hasa mvua ikinyesha, na anayepita chini huyasikia. Nilimwuliza kama yeye amewahi kuyasikia. Alisema hapana, lakini yupo mtu aliyemwambia mtu aliyesikia. Kinyozi alikuwa na hakika kwamba kila barua inayotumwa kwa kompyuta hutokea pia katika televisheni za wenye madishi. Fundi baiskeli wa njia ya Bulyanhulu alisema kuna dereva wa lori aliyeinasa kwa redio.

"Dereva yupi?"

"Ameshaondoka, Mwalimu."

"Nani mwingine alikuwapo?"

"Watu walikuwapo."

"Watu gani?"

Aliacha spana akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, mbona unauliza kama polisi? Habari ni habari."

Mimi neno lisilo na mwenyewe silipokei, na wanafunzi wangu walilijua hilo kwa gharama ya viganja vyao. Niliandika katika daftari nani alimsikia nani, nikafuata kila mnyororo nyuma, kutoka kwa kinyozi hadi kwa muuza mkaa, kutoka kwa muuza mkaa hadi kwa shemeji yake. Shemeji yake, mtu mpole mwenye duka la chumvi, alinijibu bila kusita: "Sisi tuliambiwa wewe ndiye uliyesema."

"Mimi nimesema kwa nani?"

"Hilo sijui. Ila wanasema umesema wewe."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimefunga daftari. Nilikuwa na siku nne zilizobaki, na ushahidi pekee niliokuwa nao ulikuwa dhidi yangu.

Siku iliyofuata fundi wa Mwanza alinipigia. Alikuwa na heshima, kijana wa watu, lakini sikupenda jinsi alivyokuwa akichagua maneno. Mashine yao, alisema, huandika kila mara sanduku la barua linapofunguliwa. Barua ya barabara ilifunguliwa mara mbili. Mara ya pili ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mara ya kwanza ilikuwa Jumatano, saa nne na dakika chache.

"Na hakukosea kuandika neno la siri, Mzee. Aliandika mara moja, likakubali."

Nilimwambia haiwezekani. Jumatano ile nilikuwa Songwa, katika msiba wa shemeji yangu. Nilikwenda Jumanne kwa basi la Shinyanga nikarudi Ijumaa jioni. Kompyuta yangu ilikuwa imezimwa, stoo ilikuwa na kufuli, na ufunguo nilikuwa nao shingoni makaburini.

"Basi hakutumia kompyuta yako," alisema. "Je, umewahi kufungua barua zako kwa mashine nyingine?"

Nilitaka kusema hapana. Kisha nilikumbuka. Miezi miwili kabla, waya wa simu yangu ulipokatwa na mti ulioanguka, nilikuwa nimekwenda mara moja tu kwenye duka la vifaa vya ofisi karibu na stendi, duka la familia ya Kihindi ambalo lilikuwa na kompyuta ya kupigia chapa barua za watu na kuwatumia ujumbe. Mpiga chapa wa pale, mama wa makamo, alinipisha kiti na kugeukia ukutani nilipoandika neno langu. Nilimshukuru kwa adabu yake.

Nilivaa koti nikaenda dukani kwa miguu, juani. Mpiga chapa alikuwa akichapa mkataba wa pango.

"Shikamoo, Baba ——. Karibu kiti. Leo tena simu imekatika?"

"Marahaba. Simu ni nzima. Jumatano ya wiki ile ya msiba wangu, kuna mtu aliyefungua barua zangu hapa?"

Hakushtuka hata kidogo. "Ndiyo, jirani yako. Yule dalali wa viwanja. Alisema uko msibani, umemwomba akuchukulie barua. Nikampigia chapa."

"Mimi sikumwomba."

Vidole vyake vikasimama. "Lakini yeye ndiye anayekuchukulia barua zako posta siku zote."

Ilikuwa kweli. Sanduku la posta tulikuwa nalo moja, mimi na jirani huyo na familia nyingine mbili, na aliyepita posta aliwachukulia wote. Hakuna aliyeona ajabu. Barua ya jirani ilikuja nyumbani ikiwa imekunjwa mfukoni mwa jirani, na ukimkuta hayupo unamwachia mkewe.

"Na neno la siri?" nilimwuliza. "Nani alimpa neno langu la siri?"

"Hakuna aliyempa. Kompyuta ilikuwa imeiweka anwani yako tangu siku ile, ikabaki kuuliza neno tu. Nilimwambia, Mzee hakukupa neno? Akasema, amesahau kunipa, jaribu tu jina la mwanae." Alinitazama usoni, kisha akainamisha macho kwenye mkataba wake. "Nikajaribu. Ikafunguka."

Nilikaa kwenye kile kiti nilichokaribishwa, mikono magotini. Miaka ishirini na tisa nilikuwa nimeitwa kwa jina lile na kila mtu aliyenisalimu, sokoni, kanisani, shuleni, barazani kwangu. Jina langu la ubatizo watu wengi hawakulijua. Nilikuwa nimetafuta neno ambalo mimi mwenyewe singelisahau, na nikachukua lile ambalo mji wote ulikuwa ukinikumbusha kuanzia alfajiri. Nililitunza kwa ukali. Sikulitamka. Halikuhitaji mimi kulitamka. Yule muuza dagaa alilipaza barazani kila asubuhi, na mimi nikaitika.

"Baba, utanitaja?" mpiga chapa aliuliza kwa sauti ya chini. "Mwenye duka hajui."

"Hukufungua wewe," nilimwambia. "Nilifungua mimi."

Dalali nilimkuta kwake, akinyoa ndevu mbele ya kioo alichokitundika kwenye mpapai. Tulikuwa majirani wa muda mrefu, na ndiye aliyenisindikiza stendi siku ile ya kwenda Songwa, akinibebea begi. Hapo stendi nilimwambia, kwa kulalamika tu, kwamba naondoka wakati mbaya kwa kuwa nasubiri barua muhimu ya kampuni. Hilo nalo lilitoka kinywani mwangu, na katika kurasa zangu mbili sikuliandika.

"Mwangaluka, Baba ——!" alinisalimu kwa Kisukuma, povu mashavuni. "Pole tena na msiba."

"Ulifungua barua yangu."

"Nilikuchukulia barua yako. Kama ninavyokuchukulia siku zote."

"Iko wapi, basi? Mbona haikufika?"

Alifuta wembe kwenye paja. "Nilitaka kuileta. Nikaisoma njiani, haikuwa na bahasha. Nikaona si barua ya mtu mmoja. Barabara ni ya watu wote, Mwalimu. Kwa nini wewe uijue na mimi nisiijue?"

"Kwa sababu ilikuwa siri."

"Siri!" Alicheka hadi povu likamwingia mdomoni, akatema. "Siri gani hiyo ambayo hata mbuzi wako wanaijua? Mimi nilidhani utaweka neno la kisomi, la Kilatini huko. Nilijaribu kwa mzaha tu. Wallahi ilipofunguka nilikuonea haya mimi."

Nilimwambia kwamba njia itabadilishwa, na wale aliowauzia habari watabaki na vibanda porini. Alisema hakuuza, alishauri. Nilimwambia kwamba ameiba. Hapo aliacha kucheka.

"Mwizi huvunja, Baba ——. Mimi niliuliza dukani mchana, mbele ya watu, nikapewa. Ukienda mahakamani utasema nini? Kwamba nilikujua?"

Niliondoka bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kumfanyia hata adui. Nilikuwa na hasira naye, lakini hasira iliyonisumbua zaidi ilikuwa ile isiyokuwa na mtu wa kuielekezea. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu kupima kila neno kabla ya kulikubali. La kwangu mwenyewe sikulipima.

Zilibaki siku mbili. Mke wangu alinikuta stoo, nimekaa kwenye gunia, kompyuta haijawashwa. Nilimsimulia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo fundi anajua siku na saa tu. Hajui neno lilikuwa nini."

"Hajui."

"Mwambie mtu wa dukani alichungulia mikono yako siku ile. Inatosha. Nani atauliza?"

"Hakuchungulia. Aligeukia ukutani."

"Baba ——, unaitaka kazi hii au huitaki?"

"Usiniite hivyo leo," nilisema, na mara moja nikajuta, maana lile lilikuwa jina la mwanawe pia, na halikuwa na kosa.

Niliitaka kazi ile. Sitajifanya nilikuwa juu ya mambo hayo. Pensheni yangu ilikuwa inachelewa kama ya kila mtu, na zaidi ya hayo, mtu aliyefundisha lugha maisha yake yote hupenda kuona sentensi zake zimebandikwa kwenye mbao za matangazo. Kama ningesema uongo ule mdogo, ningebaki nayo, na mpiga chapa angebaki na lawama asiyoijua. Niliwasha kompyuta. Kwanza nilibadili neno la siri, nikachagua ambalo hakuna binadamu aliyewahi kuniita, nalo lilinichukua saa nzima kulikariri. Kisha niliandika kwa meneja. Nilifuta maneno ya barua yangu ya kwanza moja baada ya jingine, nikianza na lile la kwamba siri haikutoka kwangu. Nilieleza sanduku la posta la watu wengi, msiba, maneno niliyoyasema stendi, na neno nililolichagua. Mpiga chapa sikumtaja, wala duka. Nilisema mashine ya watu wote, na hiyo ilikuwa kweli. Kisanduku kililia, barua ikaondoka Alhamisi, siku moja kabla ya siku niliyopewa.

Meneja alipiga simu Jumatatu. Safari hii alinijulia hali, akauliza habari za mke na mifugo, nami nikajua kwamba alikuwa na jambo zito.

"Nimeisoma mara tatu," alisema. "Mwalimu, ungeweza kunyamaza. Fundi alikuwa ameshanishauri tuandike kwamba ni hitilafu ya laini."

"Laini haikuwa na hitilafu."

"Ndiyo." Alipumua. "Sasa sikiliza. Wakubwa hawataki tena barua za ndani zije nyumbani kwako. Lakini Kiswahili chako hatuna pengine pa kukipata. Tutakuwa tunakuletea matangazo yakishatangazwa kwa Kiingereza. Yale ambayo kila mtu anaruhusiwa kuyasoma. Utakubali?"

Nilimwomba muda wa kufikiri. Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni pa stoo akijifanya anatafuta ungo, alinionyesha kwa mkono kwamba muda huo haupo. Nilikubali.

Tangazo la kwanza lilinifikia baada ya majuma matatu. Lilikuwa la njia mpya ya barabara, iliyosogezwa mbali na vile vibanda. Lilikuwa limekwisha kusomwa kwa Kiingereza katika mkutano wa wilaya, na njiani kwenda sokoni asubuhi ile nilikuwa nimemsikia muuza dagaa akiwaeleza wateja wake inapopita, kijiji kwa kijiji, bila kukosea hata kimoja. Nilikaa kwenye gunia langu nikalitafsiri kwa uangalifu uleule, neno kwa neno, saa tatu nzima. Kisha nikalipeleka kwa watu walioanza kulijua kabla yangu.